Muyaka Kwanza, Vitabu Vipya Baadaye

Katika kazi ya kuandika programu, vitabu huzeeka upesi. Mwongozo wa miaka kumi iliyopita mara nyingi haufai tena. Nadhani ndiyo maana wengi wetu hudhani kipya ndicho bora, hata tukitafuta mashairi. Mimi nimeamua kuanza na vya kale, na sababu yangu ni historia ya Muyaka.

Muyaka bin Haji alikuwa mshairi wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840. Alitunga enzi za Wamazrui, walipozozana na Sayyid Said wa Oman, hadi mji ulipomwangukia Said mwaka 1837. Aligusa siasa, vita, mapenzi na shida za kila siku. Hakuchapisha kitabu hata kimoja. Mashairi yake yalibaki vichwani mwa watu.

Miongo kadhaa baadaye, Mwalimu Sikujua, mwenyeji wa Mombasa, aliyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu. Alifanya kazi hiyo pamoja na William Taylor, mmisionari Mwingereza, ambaye karatasi zake zilifika London. Mwaka 1940 William Hichens alichapisha Diwani ya Muyaka kule Johannesburg. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa uchambuzi wake, tena hapa Kenya.

Piga hesabu: miaka 100 kutoka kaburini hadi kitabuni! Katika kila hatua, mtu fulani aliona tungo hizo zinastahili jasho la kunakili. Kitabu cha mwezi jana bado hakijapita mtihani huo.

Lakini tusijidanganye. Bahati nayo ilikuwepo. Washairi wangapi hawakumpata Sikujua wao? Uzee peke yake si ubora.

Kusoma Muyaka si rahisi pia. Alitunga kwa Kimvita, ilhali Kiswahili cha shuleni kilijengwa juu ya Kiunguja, kilichochaguliwa katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928. Utahitaji kamusi na subira.

Hata hivyo, sisi wa kompyuta tunajua kwamba nakala isiyofunguliwa huishia kama diski ya zamani: data ipo, wa kuisoma hayupo. Kila asomaye Muyaka leo anaongeza nakala moja hai. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: viwili vya kale, kimoja kipya. Hicho kipya nacho kinahitaji Sikujua wake.