Antonio na Mahali Pake Mlimani

Mtu anayetafuta mahali pa kutulia mlimani huuliza kwanza ni wapi hapafiki watu. Swali hilo si geni katika Kanisa. Bwana wetu mwenyewe aliondoka alfajiri na mapema kwenda mahali pasipokuwa na watu (Marko 1:35), na hata huko Simoni na wenzake walimfuata kumwambia kwamba anatafutwa. Karne tatu hivi baadaye, Mkristo wa Misri aliyeitwa Antonio alisumbuka na swali hilohilo kwa miaka mingi. Habari zake tunazo kwa sababu Athanasio, Askofu wa Iskanderia, aliziandika muda mfupi baada ya Antonio kufa mwaka 356.

Sisi Walutheri tumezoea kuwatazama watawa kwa jicho la pembeni, na tunayo sababu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 27, linakataa fundisho kwamba nadhiri za utawa humpatia mtu haki mbele za Mungu. Msimamo huo nauafiki. Hata hivyo, anayemsoma Antonio bila haraka atakutana na mtu ambaye shida yake tunaifahamu sana: alikosa nafasi ya kuomba kwa sababu ya watu waliompenda.

Alikuwa ameishi kama miaka 20 peke yake ndani ya ngome iliyohamwa, ng'ambo ya mto Nile, akiletewa mikate mara mbili kwa mwaka. Mwishowe rafiki zake waliuvunja mlango. Tangu hapo hakupumzika. Wagonjwa walikuja, wenye mashauri walikuja, na waliotaka kumwona tu nao walikuja.

Shauri la kwanza alilopata ni lile ambalo wengi wetu tungelipata: kuhamia mkoa mwingine. Alichukua mikate, akaketi kando ya mto kungoja mashua ya kumpeleka Misri ya juu, ambako hakujulikana. Athanasio anasimulia kwamba hapo alisikia sauti ikimwonya kuwa huko taabu yake ingeongezeka maradufu, na kwamba kama anataka utulivu kweli aingie ndani ya jangwa. Naliona onyo hilo kuwa la busara sana. Wageni wa leo ndio jirani wa mwezi ujao, na kisima cha kelele kingechimbwa upya.

Njia hakuijua, basi akaambatana na msafara wa Waarabu wa jangwani. Walisafiri siku tatu, mchana na usiku, mpaka wakafika kwenye mlima mrefu upande wa Bahari ya Shamu. Chini yake palikuwa na maji safi, matamu na baridi sana, uwanda, na mitende michache isiyotunzwa. Antonio alipapenda papo hapo. Aliyewahi kupiga hema milimani hatashangaa: mwandishi wetu, aliyekuwa askofu wa jiji kubwa, hakusahau kutaja maji kwanza.

Mwanzoni wasafiri wale walimpa mikate, na baadaye ndugu walimletea. Aliona anawachosha. Akaomba jembe, shoka na nafaka kidogo, akalima kipande cha ardhi penye maji, akajitengenezea mkate wake ili asimlemee mtu. Watu walipogundua alipo wakaanza kuja, akaongeza bustani ya mboga, kwa ajili ya mgeni aliyechoka na safari ile ngumu. Wanyama waliokuja kunywa maji waliharibu mazao; alimkamata mmoja wao kwa upole, akawauliza wote kwa nini wanamdhuru naye hajawadhuru, akawaambia waende zao.

Hapa sina budi kusema neno juu ya milima tunayokwenda kuomba. Baadhi tumeiacha na chupa za plastiki na visiki, na mwenye shamba la jirani amekesha bila kupenda kwa sababu ya vipaza sauti vyetu. Antonio alikwenda mbali kuliko sisi, akapaacha pana chakula zaidi kuliko alivyopakuta.

Wala hakuwatupa watu. Mwaka 338, Waario walipodai kwamba yuko upande wao, aliteremka Iskanderia akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80, akawapinga hadharani, kisha baada ya siku chache akarudi mlimani kwake.

Leo chini ya mlima ule ipo monasteri yenye jina lake, na ngazi zaidi ya elfu moja zinawapandisha mahujaji hadi pangoni. Umati ulimfikia hatimaye, ila si mwili wake. Wamisri wa siku zile walikuwa na desturi ya kuweka maiti za watu waheshimiwa ndani ya nyumba, juu ya vitanda, bila kuzizika. Antonio aliichukia desturi hiyo. Alipoona mwisho wake umekaribia aliwaagiza wale wawili waliomtunza wamfukie ardhini na wasimwonyeshe mtu mahali. Walifanya hivyo, na Athanasio anaandika kwamba mbali na hao wawili hakuna aliyejua kaburi liko wapi.