Muansa, Mwanza na Wavizia Herufi

Barua iliyotumwa kutoka pwani hii ya Ziwa Victoria wakati wa Wajerumani iligongwa muhuri wenye neno MUANSA. John Hanning Speke, aliyelitazama ziwa kwa mara ya kwanza tarehe 3 Agosti 1858, alikuwa ameandika Muanza. Waingereza walipouteka mji Julai 1916 wakaja na tahajia yao, na Mwanza ikabaki hadi leo. Tahajia tatu, mji mmoja, na hakuna ushahidi kwamba barua zilipotea kwa sababu hiyo. Karani wa posta alijua kilichokusudiwa. Akiona herufi imekaa vibaya alitikisa kichwa, akaitupia barua kwenye mfuko unaostahili.

Mwaka 1983 Mmarekani Paul Mockapetris alibuni mfumo wa majina ya vikoa, ule unaomwezesha mtu kuandika jina badala ya tarakimu ndefu za kompyuta. Ulikuwa ubunifu mkubwa, ila karani hakuwamo. Kompyuta inasoma ilichoandikiwa. Anayetafuta tovuti ya Manispaa ya Ilemela hapa Mwanza, ilemelamc.go.tz, akiandika r penye l, hapelekwi Buswelu yaliko makao yake. Anapelekwa kwa yeyote aliyelisajili jina hilo la makosa, au hapelekwi popote. Kwa bahati nzuri majina yanayoishia na go.tz ni ya serikali tu na mpita njia hawezi kujisajilia. Lakini .com iko wazi kwa mwenye kadi ya benki, na Kanda ya Ziwa, ambako lugha nyingi za nyumbani hazitenganishi l na r kama Kiswahili kinavyofanya, ni shamba zuri kwa mtu anayeishi kwa makosa ya wenzake.

Watu wa namna hiyo walitokea mapema. Kwanza walikuja waliochukua majina sahihi. Mwaka 1994 mwandishi wa habari Joshua Quittner alisajili mcdonalds.com, akaipigia simu kampuni kuuliza kama inalitaka, na mwishowe akaliachia baada ya McDonald's kukubali kugharimia kompyuta za shule moja ya Brooklyn. Huyo alikuwa anafanya mzaha wa kufundisha. Dennis Toeppen hakuwa na mzaha. Mwaka 1995 alijitwalia panavision.com, akaweka humo picha za mji mdogo wa Pana, Illinois, na kampuni ya kamera ya Panavision ilipolalamika akataka dola 13,000. Mahakama ya rufaa ya Marekani ilimkatalia mwaka 1998.

Kisha wakaja wavizia herufi wenyewe, na mkubwa wao alikuwa John Zuccarini wa Pennsylvania. Alisajili maelfu ya majina yaliyokosewa kwa makusudi. Duka la michezo ya kompyuta la Electronics Boutique liligundua ana electronicbotique.com, ebwold.com na mengine matatu ya aina hiyo. Mteja aliyeteleza kidole alijikuta kwenye kurasa za matangazo zinazozaana: ukifunga moja, linafunguka jingine, na kila ubofyo unamwingizia Zuccarini kati ya senti 10 na 25. Oktoba 2000 mahakama iliamuru alipe dola 100,000 kwa kila jina, jumla 500,000. Hakuacha. Miongoni mwa majina yake yalikuwamo yaliyowalenga watoto, kama bobthebiulder.com, ambayo yaliwapeleka kwenye picha za ngono. Alikamatwa Septemba 2003 katika hoteli moja Florida, na mwaka uliofuata akahukumiwa miezi 30 gerezani.

Hukumu hizo ni nzuri kuzisoma, lakini zilikuwa za Marekani, na ile ya Oktoba 2000 ilitolewa kwa sheria ya Marekani ya Novemba 1999 iliyotungwa mahsusi dhidi ya watekaji wa majina. Mshitakiwa akiwa nchi nyingine, mlalamikaji angehangaika miaka. Ndiyo maana mwaka huohuo wa 1999 ICANN, taasisi inayosimamia majina ya vikoa duniani, ilipitisha utaratibu wa usuluhishi unaojulikana kwa kifupi chake, UDRP. Kila anayesajili .com anaukubali ndani ya mkataba, hata kama hakuusoma.

Shauri la kwanza liliwahusu watu ambao watazamaji wa mabanda ya video ya Kirumba, Mwanza, waliwajua vizuri: wapiga mieleka wa WWF. Mtu mmoja wa California alisajili worldwrestlingfederation.com Oktoba 1999, na baada ya siku tatu akajaribu kuwauzia wenye jina kwa dola 1,000. Shauri lilipelekwa kwa Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, lenye makao Geneva, na tarehe 14 Januari 2000 msuluhishi aliamuru jina lihamishwe. (Wapiga mieleka hao hawakuufurahia ushindi wa majina kwa muda mrefu. Mwaka 2002 walilazimika kujiita WWE, baada ya kushindwa mahakamani Uingereza na WWF nyingine, ile ya wahifadhi wa mazingira yenye nembo ya panda.)

UDRP haiendeshwi kama mahakama. Hakuna kizimba, hakuna shahidi wa kuhojiwa, hakuna fidia. Mlalamikaji anaandika, mlalamikiwa anapewa siku 20 kujibu, msuluhishi akiteuliwa ana siku 14 za kuamua. Adhabu ni mbili tu: jina lihamishwe au lifutwe. Anayeshindwa ana siku 10 za kazi kukimbilia mahakamani kabla uamuzi haujatekelezwa. Ili ashinde, mlalamikaji lazima athibitishe mambo matatu yote: kwamba jina linafanana na alama yake ya biashara kiasi cha kuchanganya watu, kwamba aliyelisajili hana haki wala sababu halali ya kuwa nalo, na kwamba lilisajiliwa na linatumika kwa nia mbaya.

Katika tahajia iliyokosewa, jambo la kwanza ndilo rahisi. Wasuluhishi wamekwisha kuamua mara nyingi kwamba kuongeza herufi, kudondosha nyingine au kuzigeuza mbili hakumfichi mwizi. Shughuli iko kwenye la pili na la tatu, na hapo Ziwa Victoria lina mfano mzuri kuliko wowote wa Ulaya. Kule Awendo, upande wa Kenya, kuna kiwanda cha sukari cha tangu miaka ya 1970 kinachoitwa SonySugar. Jina hilo limetoka kwenye South Nyanza, wilaya iliyokipa kiwanda jina, wala halikuchukuliwa kwa Wajapani wanaotengeneza redio na televisheni. Mtu wa Tokyo akiliona jina la kikoa chenye neno sony ndani yake anaweza kuruka. Lakini wakulima wa miwa wa Awendo wana historia, kiwanda na bidhaa. Swali la pili lingejibiwa kabla ya chai kupoa. Kufanana peke yake si kosa, na utaratibu wowote unaosahau hilo ungewapa matajiri wa dunia kila neno zuri.

Afrika na majirani zake waliingia katika historia hii kwa njia ya ajabu: si majina ya kampuni yaliyoviziwa bali herufi za nchi. Mwaka 2006 jina lolote la .cm, kikoa cha Kameruni, ambalo halijasajiliwa lilianza kuwapeleka watu kwenye matangazo, kwa mpango wa mfanyabiashara wa Kanada Kevin Ham. Aliyesahau o kwenye .com alikuwa riziki yao. Mwaka 2016 wataalamu wa kampuni ya usalama ya Endgame waligundua majina zaidi ya 300 ya kampuni maarufu yamesajiliwa kwa .om ya Oman, nchi yenye Waswahili wengi, yakimsubiri anayesahau c. Aliyeandika netflix.om alikaribishwa na programu chafu. Na Julai 2023 gazeti la Financial Times lilieleza jinsi barua pepe za jeshi la Marekani, ambalo anwani zake huishia na .mil, zilivyokuwa zikitua Mali kwa sababu waandishi walidondosha i na kuandika .ml. Mholanzi Johannes Zuurbier, aliyekuwa akisimamia kikoa cha Mali kwa mkataba, alikusanya karibu 117,000 tangu Januari mwaka huo.

Tanzania ilipewa .tz mwaka 1995. Enzi hizo kikoa kilikuwa jambo la wataalamu wachache wa Dar es Salaam, na hata ilipofika Mwanza intaneti ilipatikana kwa dakika, kwenye vibanda, kwa laini ya simu iliyokatika mvua ikinyesha. Mwaka 2006 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, pamoja na chama cha watoa huduma za intaneti waliunda tzNIC kuisimamia .tz, na mwaka 2010 kikoa kikakabidhiwa rasmi kwa chombo hicho. Kazi hiyo sasa imerudi mikononi mwa TCRA. Katikati ya hapo mkongo wa bahari wa SEACOM ulifika mwaka 2009, Mkongo wa Taifa ukaenea hadi Kanda ya Ziwa, na mfanyabiashara wa Kirumba akaanza kuuza kwa simu ya mkononi. Migogoro ya majina ya .tz nayo inaweza kupelekwa WIPO, kama ile ya .cd ya Kongo na ya .sc ya Shelisheli.

Kesi ya kikoa iliyozungumzwa zaidi nchini, hata hivyo, haikuwa ya alama ya biashara. Desemba 2016 Maxence Melo na Micke William wa jukwaa la mtandaoni la Jamii Forums walifikishwa Mahakama ya Kisutu, na moja ya mashtaka lilikuwa kuendesha kikoa kisichosajiliwa kwa .tz, kinyume cha Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Wengi ndipo walipojua kwamba herufi za mwisho za anwani zinaweza kumpeleka mtu kizimbani.

Kwa mfanyabiashara wa Ilemela shida imejificha kwingine. Tuchukue soko la Mwaloni, Kirumba, linalopeleka dagaa na kayabo Kongo, Rwanda na Burundi, na viwanda vya minofu ya sangara vinavyouza Ulaya. Mwenye biashara anakwenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara, anasajili jina la biashara, anapewa cheti, anakitundika ukutani. Anaamini jina ni lake. Cheti hicho hakimpi umiliki wa jina dhidi ya dunia. Kinasema tu nani anafanya biashara kwa jina hilo. Umiliki unatoka kwenye daftari jingine la BRELA hiyohiyo, la alama za biashara na huduma, chini ya Sheria ya 1986: miaka 7 ya mwanzo, kisha miaka 10 kila anapohuisha. Zanzibar ina daftari lake peke yake. Kikoa ni daftari la tatu, na huko hupewa anayewahi.

Madaftari matatu, na matapeli wanapita katikati. Tuseme kuna kampuni ya kubuni inayotumia anwani yenye neno samaki. Mtu akisajili sarnaki, r na n zikiwa zimebanana, macho ya mnunuzi wa Uholanzi au Bukavu yatasoma m. Ankara inakuja na nembo ileile, lugha ileile, tofauti ni namba ya akaunti ya benki. Pesa ikishaingia, ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na mahali pake ni polisi. Usuluhishi wa Geneva hautairudisha. Utamnyang'anya tapeli jina, na kesho atasajili jingine. Gharama ya kuanzia WIPO, kwa jina moja hadi matano na msuluhishi mmoja, ni dola 1,500, zaidi ya shilingi milioni 3. Kwa kampuni zilizoleta mashauri 6,192 WIPO mwaka 2023 hiyo ni pesa ya mezani. Kwa muuza mabondo ya sangara ni mtaji.

Na hata akiipata pesa hiyo, swali la kwanza litamsubiri: alama yako iko wapi? Sheria za Kiingereza zinaruhusu kuthibitisha haki kwa matumizi ya muda mrefu bila usajili, ila ushahidi wake ni mzito: matangazo, mauzo, vielelezo vya kwamba wateja wanalihusisha jina na wewe. Mfanyabiashara aliyeuza kwa daftari la mkono na maneno ya mdomo kwa miaka 20 anaweza kujulikana kutoka Mwaloni hadi Goma na bado akashindwa kuonyesha karatasi.

Kwa hiyo karani wa posta amerudishwa, lakini kwa mwenye alama iliyosajiliwa na ada mkononi. Kasoro hii inarekebishika hapa nyumbani. BRELA inasajili kwa mtandao tangu 2018, na .tz husajiliwa kwa mtandao pia. Taasisi hizo mbili zinaweza kumpa taarifa mwenye alama pale mtu anapoomba kikoa kinachotofautiana na jina lake kwa herufi moja, na TCRA inaweza kuweka dawati la usuluhishi la bei nafuu, kwa Kiswahili, ambalo mtu wa Kirumba atalifikia bila wakili wa Ulaya. Mpaka hapo, mwenye biashara asajili alama kabla ya kuchapisha mifuko, achukue na vikoa viwili vitatu vya makosa ambayo wateja wake hufanya, na kila ankara yenye akaunti mpya aithibitishe kwa kupiga simu kwenye namba aliyokuwa nayo zamani.