Vitamini A: Dozi inayomlinda mtoto inaweza kumdhuru mjamzito

Kila Juni na Desemba, watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano hupelekwa kliniki kupewa matone ya vitamini A. Kenya hufanya hivyo Mei na Novemba, katika wiki za Malezi Bora. Kapsuli moja nyekundu, anayopewa mtoto aliyetimiza mwaka, ina yuniti 200,000. Hicho ni kiasi ambacho mwanamke mzima angehitaji kwa karibu miezi mitatu.

Mtoto anapewa matone, anarudi nyumbani, na kwa kawaida hapati shida yoyote. Lakini mama yake akiwa mjamzito na akameza kapsuli hiyohiyo, mtoto aliye tumboni anaweza kuzaliwa na kasoro.

Vitamini ni ileile. Kinachoifanya iwe dawa au sumu ni mambo matatu: kiasi gani, nani anatumia, na mara ya mwisho alitumia lini.

Kwa nini ikizidi haitoki

Wengi wamezoea kusikia kwamba vitamini ikizidi inatoka na mkojo. Hiyo ni kweli kwa vitamini C na nyingi za kundi B. Kwa vitamini A sio kweli.

Vitamini A huyeyuka kwenye mafuta, sio kwenye maji. Mwili ukipata ya ziada huiweka akiba, na sehemu kubwa ya akiba hiyo hukaa kwenye ini. Ukimeza leo, kesho na keshokutwa, akiba inazidi kupanda. Ikipita uwezo wa ini, ndipo madhara yanapoanza.

Pia kuna aina mbili, na tofauti yake ni muhimu:

• Retinoli ni vitamini A iliyo tayari kutumika. Inapatikana kwenye ini, mayai, maziwa, baadhi ya samaki na vidonge vingi vya dukani. Hii ndiyo inayoweza kuleta sumu.

• Karotini hutoka kwenye mimea kama karoti, mchicha, boga na embe. Mwili huibadilisha kuwa vitamini A kwa kadiri unavyohitaji. Ukila karoti nyingi sana ngozi inaweza kugeuka rangi ya njano, lakini hali hiyo huisha yenyewe ukipunguza.

Matone ya kliniki: nani apewe, mara ngapi?

Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza matone haya katika nchi ambazo upungufu wa vitamini A ni tatizo kwa jamii. Utaratibu wake ni huu:

• Miezi 6 hadi 11: yuniti 100,000, mara moja. Kapsuli yake ni ya bluu.

• Miezi 12 hadi 59: yuniti 200,000, kila baada ya miezi 4 hadi 6. Kapsuli yake ni nyekundu.

Mbona dozi kubwa hivyo haimdhuru mtoto? Piga hesabu. Yuniti 200,000 ukizigawa kwa siku 180 unapata kama 1,100 kwa siku. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji karibu yuniti 1,000 kila siku. Ini linapokea mzigo wote kwa pamoja, kisha linautoa kidogo kidogo mpaka dozi nyingine ifike.

Faida yake sio ya kubahatisha. Mwaka 1986 daktari wa Marekani, Alfred Sommer, na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Aceh, Indonesia. Katika vijiji ambavyo watoto walipewa vitamini A, vifo vya watoto vilikuwa pungufu kwa takriban theluthi moja kuliko vijiji ambavyo hawakupewa. Upungufu wake husababisha upofu wa usiku, macho kukauka na hatimaye upofu wa kudumu, na hudhoofisha kinga dhidi ya surua na kuhara.

Kwa hiyo usimnyime mtoto matone kwa kuogopa sumu. Hakikisha tu mambo haya:

• Nenda na kadi ya kliniki. Mtoto anaweza kupewa matone kwenye kampeni ya mtaani, halafu wiki mbili baadaye akapelekwa kliniki na shangazi asiyejua. Kadi ndiyo inayozuia dozi mbili kukaribiana. Kama hukwenda nayo siku ya kampeni, mwambie mhudumu tarehe ya dozi iliyopita.

• Isipokuwa kwa matibabu aliyoagiza daktari, dozi mbili kubwa hazitakiwi kutolewa ndani ya mwezi mmoja.

• Kapsuli hukatwa ncha na kukamuliwa mdomoni. Mtoto mdogo asipewe aimeze nzima, inaweza kumkaba.

• Mtoto aliye chini ya miezi 6 hapewi dozi hii ya kawaida. Kwake maziwa ya mama yanatosha.

Baada ya matone, watoto wachache hutapika, huumwa kichwa au hulia sana, na kwa wachanga utosi unaweza kuvimba kidogo. Dalili hizi huisha ndani ya siku moja au mbili. Zikiendelea, mrudishe kituoni.

Vya dukani: soma lebo kwanza

Shida kubwa iko kwenye vidonge, siropu na mafuta ya ini la samaki vinavyouzwa bila kuandikiwa na daktari. Hapa hakuna kadi wala mhudumu wa kukuuliza ulitumia lini.

Angalia lebo. Ukiona neno linaloanza na “retin”, hiyo ni vitamini A iliyo tayari. Kiasi kinaweza kuandikwa kwa IU, yaani yuniti, au kwa mcg, yaani maikrogramu. Usizichanganye: maikrogramu 1 ya retinoli ni sawa na yuniti 3.3 hivi.

Mahitaji ya mwili kwa siku, kutoka vyakula na vidonge kwa pamoja:

• Mtoto wa mwaka 1 hadi 3: mcg 300

• Mtoto wa miaka 4 hadi 8: mcg 400

• Mwanamke mzima: mcg 700

• Mwanamume mzima: mcg 900

Kiwango cha juu cha retinoli kwa siku, ambacho hakifai kupitwa kwa matumizi ya kila siku bila usimamizi wa daktari:

• Mtoto wa chini ya miaka 4: mcg 600 (yuniti 2,000)

• Mtoto wa miaka 4 hadi 8: mcg 900 (yuniti 3,000)

• Mtu mzima: mcg 3,000 (yuniti 10,000)

Sasa chukua mfano. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya ini la samaki kina kama mcg 1,350. Kwa mtoto wa miaka mitatu, hicho ni zaidi ya mara mbili ya kiwango chake cha juu. Ukiongeza siropu ya multivitamini asubuhi, unazidisha tena, na kila chupa peke yake inaonekana haina neno. Jumlisha chupa zote zilizopo nyumbani kabla ya kununua nyingine.

Mjamzito: hapa usibahatishe

Retinoli ikizidi, hasa miezi mitatu ya mwanzo wakati viungo vya mtoto vinaumbwa, inaweza kuharibu uumbaji wa uso, moyo na ubongo. Tatizo ni kwamba wakati huo wanawake wengi hawajajua kama wana mimba.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995 uliangalia wanawake waliotumia vidonge vyenye zaidi ya yuniti 10,000 za retinoli kwa siku. Watafiti walikadiria kwamba mtoto mmoja katika kila 57 waliozaliwa na wanawake hao alikuwa na kasoro iliyotokana na vidonge hivyo.

Mjamzito, au anayetafuta ujauzito, azingatie haya:

• Asitumie vidonge vya retinoli wala mafuta ya ini la samaki bila ushauri wa kliniki.

• Asile ini mara kwa mara. Uingereza inawashauri wajawazito waliache kabisa.

• Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki, vyenye madini chuma na foliki asidi tu, havina vitamini A. Aendelee navyo kama alivyoelekezwa.

• Dawa ya chunusi ya kumeza iitwayo isotretinoini ni ndugu wa vitamini A na ni hatari kubwa kwa mimba. Isitumike kabisa.

Maeneo ambayo wajawazito wengi wanapata upofu wa usiku, WHO inaruhusu dozi ndogo, isiyozidi yuniti 10,000 kwa siku, lakini chini ya wahudumu wa afya.

Na kwa mama aliyejifungua? Zamani wengi walipewa dozi kubwa baada ya kujifungua. Tangu mwaka 2011 WHO haipendekezi tena utaratibu huo. Bibi au jirani akikushauri ukaombe kapsuli hiyo, ni ushauri uliopitwa na wakati.

Surua: matibabu sio kinga

Mtoto mwenye surua, au ukambi kama wengine wanavyouita, hupewa vitamini A hospitalini. Dozi huwa mbili, siku mbili mfululizo, kulingana na umri wake. Inapunguza hatari ya upofu na kifo.

Lakini haizuii mtu kuambukizwa. Mwanzoni mwa 2025 surua ilipolipuka magharibi mwa Texas, Marekani, baadhi ya familia ziliwapa watoto vitamini A nyumbani. Hospitali moja mjini Lubbock ilipokea watoto wenye surua ambao vipimo vyao vya ini havikuwa vya kawaida, kwa sababu vitamini A ilikuwa imezidi. Kinga ya surua ni chanjo.

Wavuta sigara na watumiaji wa dawa

Vidonge vya beta-karotini vinaonekana salama kwa kuwa chanzo chake ni mimea. Kwa mvutaji sigara sivyo. Utafiti wa Finland uliotolewa mwaka 1994, uliohusisha wanaume wavutaji zaidi ya 29,000, ulikuta waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Utafiti mwingine wa Marekani, ambao washiriki walimeza beta-karotini pamoja na retinoli, ulisitishwa mapema mwaka 1996 baada ya kuonyesha madhara kama hayo. Karoti na papai mvutaji ale tu. Vidonge ndivyo aviache.

Mwambie pia daktari au mfamasia kama una ugonjwa wa ini, unakunywa pombe sana, au unatumia dawa za jamii ya tetrasaikilini. Tetrasaikilini na vitamini A nyingi kwa pamoja zinaweza kuongeza shinikizo ndani ya kichwa.

Dalili kwamba imezidi

Ikizidi ghafla: kichwa kuuma sana, kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kuona ukungu.

Ikizidi polepole kwa wiki au miezi: ngozi kukauka, nywele kunyonyoka, maumivu ya mifupa na viungo, uchovu usioisha, na ini kuanza kuharibika.

Ukiona dalili hizi, acha vidonge na uende hospitali na chupa yenyewe. Daktari akiona lebo atajua aanzie wapi.

Je, chakula kinatosha?

Kwa watu wazima wengi wanaokula mlo mchanganyiko, ndiyo. Mchicha, matembele, kisamvu, boga, karoti, embe, papai na mawese vina karotini ya kutosha, na mafuta kidogo kwenye mboga husaidia mwili kuipokea.

Viazi lishe, vile vitamu vya rangi ya chungwa, ni hazina. Kiazi kimoja kinaweza kumpa mtu mzima mahitaji ya siku nzima. Mtaalamu wa Uganda, Robert Mwanga, alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya kuongeza virutubishi kwenye mazao, yakiwemo viazi hivi.

Tanzania na Kenya pia zina sheria inayotaka mafuta ya kupikia ya viwandani yaongezwe vitamini A. Ini la ng'ombe ni tajiri mno: gramu 85 zina kama mcg 6,500. Kwa asiye mjamzito, kulila mara mojamoja ni sawa, kila siku hapana.

Kabla ya kumeza, jiulize:

1. Je, lebo inasema IU au mcg, na ni kiasi gani kwa siku?

2. Je, kuna kitu kingine ninachotumia chenye vitamini A?

3. Je, ni mjamzito, au naweza kuwa mjamzito?

4. Kama ni mtoto, kadi yake inasema alipata matone lini?

Swali moja likikosa jibu, usimeze wala usimpe mtoto. Peleka chupa na kadi kliniki kwanza.