Walemavu wa Kigali Walivyoingia Uwanjani



Tarehe 3 Desemba ni Siku ya Walemavu Duniani, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1992. Kwa kuiadhimisha, sisi wa kamati tumeona tuandike habari za Kigali, mji mkuu wa nchi inayotuhifadhi, maana kule limefanyika jambo ambalo hapa kambini bado hatujalifanya.

Vita na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 viliacha watu wengi bila miguu au mikono. Mwaka 1997 Emmanuel Gatera Rudasingwa, Mnyarwanda mwenye ulemavu wa mguu tangu utotoni, na mkewe Mami, mzaliwa wa Japani, walianzisha mjini Kigali karakana ya Mulindi Japan One Love. Mami alikuwa amesomea kwao kazi ya kutengeneza viungo vya bandia. Aliyefika alipimwa na kutengenezewa mguu bila malipo.

Lakini mguu wa bandia humfikisha mtu barabarani tu. Akishafika barabarani, aende wapi?

Jibu moja lilitoka michezoni. Mwaka 2000 Rwanda ilishiriki kwa mara ya kwanza Olimpiki ya Walemavu, mjini Sydney. Mwaka 2004, mjini Athens, Jean de Dieu Nkundabera akaleta medali ya shaba ya mbio za mita 800. Kisha ukaja mpira wa wavu wa kukaa. Wachezaji huketi chini, wavu hushushwa, na anayeupiga mpira haruhusiwi kuinua makalio. Wengi huvua miguu yao ya bandia na kuiacha kando ya uwanja.

Katika timu hiyo walikuwamo Dominique Bizimana, aliyepoteza mguu akiwa mpiganaji wa RPF, na Jean Rukondo, aliyepoteza wake akiwa askari wa jeshi la serikali ya wakati ule. Watu waliokuwa pande mbili za vita wakawa wanapasiana mpira. Mwaka 2012 timu yao ilikwenda London, ya kwanza ya mchezo huo kutoka Afrika kusini mwa Sahara, ikamaliza ya 9 kati ya timu 10. Nafasi ya 9 si haba! Wanawake nao wakafika Rio mwaka 2016.

Jibu la pili ni la sheria. Katiba ya mwaka 2003 iliwapa walemavu kiti kimoja katika Baraza la Wabunge, na mwenye kiti hicho alichaguliwa na vyama vya walemavu wenyewe, si na watu wa kuwahurumia. Mwaka 2007 ikapitishwa sheria ya kuwalinda.

Sasa tujitazame. Kwa miaka mingi kamati yetu imewaandika walemavu katika orodha ya mgao: sabuni, blanketi, magongo. Hilo tulilifanya vizuri. Ila mikutano yetu tunaifanyia juu mlimani, mahali ambapo kiti cha magurudumu hakipandi, kisha tunashangaa mbona hawachangii mawazo. Hakuna aliyewafukuza, njia yenyewe iliwafukuza.

Kwa hiyo mkutano wa tarehe 3 Desemba utafanyika chini, kwenye uwanja wa mpira, saa tatu asubuhi. Ajenda ya kwanza ni nafasi mbili za walemavu katika kamati, na watakaopiga kura ni walemavu wenyewe. Wenye majirani wasioweza kutembea, tafadhali mfike nao.