Tarehe Tano ya Novemba

Nimesomesha skuli kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuaibishwa na mwanafunzi kama nilivyoaibishwa mwaka 2007 na mtoto wa dada yangu, tena bila ya yeye kunivunjia heshima hata kidogo. Kisa chenyewe kilianzia kwenye filamu.

Kijana huyo alikuja Wete kutoka Unguja kwa likizo, na katika mkoba wake mlikuwa na diski ya filamu ya Kiingereza iitwayo V for Vendetta, iliyotoka mwaka 2006. Baada ya sala ya isha tukatoa televisheni uani, tukatandika majamvi, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili. Umeme wakati ule ulikuwa wa majenereta ya Wesha, kwani waya wa chini ya bahari kutoka Tanga haukufika Pemba mpaka mwaka 2010, na kila mtu alimwomba Mungu usizimike kabla ya mwisho. Kwa kuwa wengi hawakujua Kiingereza, nikapewa mimi kazi ya kutafsiri.

Filamu inasimulia Uingereza ya siku zijazo, nchi iliyoingia mikononi mwa mtawala mmoja, Adam Sutler. Kutembea usiku ni marufuku, askari wa siri wamejaa mitaani, na televisheni haisemi ila asemalo yeye. Anayempinga ni mtu asiyejulikana jina wala sura, avaaye kinyago cha Guy Fawkes, yule aliyekamatwa mwaka 1605 chini ya Bunge la London akilinda mapipa ya baruti. Njama ile ilikuwa ya tarehe 5 Novemba, na ndiyo tarehe ambayo mtu wa kinyago anaiahidi nchi nzima kuwa atalilipua Bunge. Anayemwigiza Sutler ni John Hurt, ambaye mwaka 1984 aliigiza Winston Smith katika filamu ya kitabu cha George Orwell, yaani mnyonge anayesagwa na dola. Mtu yule yule, mara hii ndiye dola.

Sisi Wazanzibari si wageni wa sinema. Jumba la Royal lilifunguliwa mjini Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Pemba nayo baadaye ilipata majumba yake. Wazee wa rika la baba yangu walilizwa na Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, wakaimba nyimbo zake bila ya kujua Kihindi. Lakini tokea wakati wa Mwingereza hadi baada ya Mapinduzi ya 1964, filamu ilipita kwanza mbele ya wakaguzi, nao wakakata walichotaka kukata. Kwa hivyo mtazamaji wa kwetu amezoea kujiuliza si alichokiona tu, bali pia alichokatiwa. Naomba msomaji alikumbuke hilo, maana nitalirudia.

Maoni yalianza mapema. Msichana Evey anakula mkate wa siagi nyumbani kwa mtu wa kinyago, akashangaa, kwani hajaonja siagi ya kweli tangu utotoni. Siagi hiyo imeibiwa katika shehena ya Sutler mwenyewe. Vijana hawakuijali sehemu hiyo. Bibi mmoja jirani yetu akasema, "Hapo, Maalim, simamisha." Akatukumbusha mwaka 1971 na 1972, serikali ya Mzee Abeid Karume ilipozuia kuingizwa chakula kutoka nje kwa hoja ya kujitegemea. Nyumba nyingi zilirudi kwenye muhogo na mashelisheli, na aliyepata pishi ya mchele aliupika mlango umefungwa. "Huyo aliyeitunga hii," akasema, "ama ameona njaa au amehadithiwa na aliyeiona."

Kisha ikaja habari ya Gordon Deitrich, mtangazaji wa televisheni ambaye nyumbani kwake ameficha Msahafu wa kale. Evey anamwuliza kama ni Mwislamu. Anajibu kuwa sivyo, lakini si lazima awe Mwislamu ndipo auone uzuri wake. Baadaye askari wanaupata Msahafu huo, naye anauawa. Ua mzima ulinyamaza. Hakuna aliyetazamia kuwa katika filamu ya Wazungu mtu asiye wa dini yetu angekufa kwa sababu hiyo. Mzee mmoja alisema kwamba tangu hapo aliacha kuitazama kama filamu ya watu wengine.

Ubishi mkubwa ulikuja pale Evey anapofungwa, kunyolewa na kuteswa, halafu ikadhihirika kuwa mfungaji si serikali bali ni yule yule wa kinyago, eti amfundishe kutoogopa. Mpwa wangu alitetea: msichana ametoka mle hana hofu tena, na asiye na hofu hatawaliwi. Dada yangu akamjibu mwanawe kwa upole, "Aliyekunyoa kwa nguvu ni aliyekunyoa kwa nguvu, awe mtawala awe mkombozi." Wanawake wote walikuwa upande wake. Mimi pia, ingawa sikusema.

Mwishoni maelfu ya raia waliovaa vinyago wanaandamana kuelekea Bungeni. Wanajeshi wamejipanga na bunduki, lakini wakubwa wao wameshauawa, amri haiji, nao wanaacha watu wapite. Vijana walipiga makofi. Mvuvi mmoja hakupiga. Alikuwapo Wete tarehe 27 Januari 2001, siku wafuasi wa CUF walipoandamana Unguja na Pemba kudai uchaguzi wa Oktoba 2000 urejewe. Polisi walifyatua risasi. Human Rights Watch baadaye ilihesabu waliouawa kuwa si chini ya 35, na watu wapatao 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya, miongoni mwao ndugu yangu wa tumbo moja. Mvuvi akasema, "Sisi hatukuvaa vinyago. Kila mtu alijulikana ni mtoto wa nani." Kisha akatia neno ambalo sijalisahau: filamu imepata amani yake kwa sababu hakubaki wa kutoa amri. Na sisi tufanyeje, penye wa kutoa amri na penye wa kuitii?

Bunge lilipolipuka kwa muziki na fataki, mzee wa Msahafu akatikisa kichwa. Jumba lina kosa gani? Akataja tarehe 27 Agosti 1896, manuwari za Waingereza zilipoipiga mizinga ikulu ya Unguja kwa muda usiofika saa moja. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, jumba likateketea, Sayyid Khalid akakimbilia kwa Wajerumani, na jioni ile ile akatawazwa Sultani waliyemtaka wao. Majumba yanaanguka, alisema, na wanaotawala wanahamia jumba jingine.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Katika filamu hiyo mna neno mashuhuri juu ya nani amwogope nani, baina ya raia na serikali yao. Linasema wazi kuwa hofu inapaswa kuwa upande wa serikali. Lilipokuja, nilimwona karibu na mlango mtu mmoja ambaye sikumjua. Pengine alikuwa mgeni wa jirani tu. Ulimi wangu ukageuka wenyewe, nikatafsiri: "Anasema raia na serikali waheshimiane." Kesho yake asubuhi, tukinywa chai, mpwa wangu akaniuliza taratibu, "Mjomba, lile neno la jana, ndivyo lilivyo kwa Kiswahili?" Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimewalaumu wakaguzi wa filamu maisha yangu yote, na kumbe mkaguzi alikuwa amekaa kitini pangu. Hakuna aliyenituma wala kunitisha.

Nikajifunza kwamba udikteta wa kwenye filamu ni mwepesi kuuona, kwa kuwa una bendera zake na sura yake kubwa ukutani. Ule unaobaki ndani ya mtu baada ya miaka ya kunong'ona hauna sura. Mtu anauchukua nyumbani kwake na kuwapa watoto, akidhani anawapa busara.

Miaka miwili baadaye, tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu ya Zanzibar na kuanzisha maridhiano. Mpwa wangu alinipigia simu akicheka kwa furaha: "Mjomba, umeiona tarehe?" Hapakuwa na baruti. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa.

Sitaki kumdanganya msomaji kuwa hadithi iliishia hapo. Tarehe 28 Oktoba 2015 uchaguzi ulifutwa, ukarejewa Machi 2016 bila ya CUF. Mwaka 2020 Pemba ilizika tena watu wake. Mwezi Disemba mwaka ule Maalim Seif akaingia tena katika serikali ya umoja, na tarehe 17 Februari 2021 akafariki dunia. Filamu ina mwisho kwa sababu diski ina mwisho. Nchi haina diski.

Lakini lililo langu nililimaliza. Wiki ile ile ya Novemba 2009 nilikwenda kwa yule bibi wa siagi, nikakaa barazani kwake, nikamwambia kuwa usiku ule nilimtafsiria vibaya, na neno lenyewe lilikuwa hivi na hivi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele.

"Nilijua, Maalim," akasema. "Ulipofika pale sauti yako ilishuka."