Uzi, makopo mawili na Pijo ya marehemu baba

Ndugu msikilizaji, na wewe unayenisoma leo gazetini, wiki hii siasa nimeziweka kando. Nataka tuzungumze habari ya tairi mbili za mbele na namna zinavyotazamana.

Nyumbani kwetu kuna Peugeot 404 ambayo marehemu baba aliinunua ikiwa imetumika mwaka 1974, kabla sijazaliwa. Wakati huo Pijo ilikuwa gari la heshima. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, pamoja na Chris Rothwell walikuwa wameshinda nayo mbio za Safari mwaka 1966, wakarudia 1967. Baba hakuchoka kutusimulia hayo.

Mwaka huu gari likaanza kuyumba barabarani na tairi za mbele zikawa zinalika upande wa ndani. Nikalipeleka gereji moja yenye mashine ya kisasa. Kijana akabonyeza kompyuta, akatikisa kichwa: vipimo vya gari hilo havimo. Mdogo wangu aliposikia akasema, "Kaka, tuliuze chuma chakavu, tugawane." Nikamwomba anipe mpaka Jumapili.

Hapa turudi nyuma kidogo. Zamani mkokoteni wa farasi ulikata kona kwa kugeuza ekseli nzima ya mbele, tairi zote mbili zikiwa zimeishika. Kona ikiwa kali, mkokoteni ulipoteza egemeo na kupinduka. Mwaka 1817 fundi wa magari ya farasi wa mjini Munich, Georg Lankensperger, alibuni ekseli isiyogeuka. Kila gurudumu likageuka kwenye egemeo lake, na la ndani ya kona likapinda zaidi ya la nje, maana duara lake ni dogo. Wakala wake London, Rudolph Ackermann, muuza picha na vitabu, aliandikisha hataza huko Uingereza mwaka 1818. Basi hadi leo vitabu vya ufundi vinasema usukani wa Ackermann. Fundi katoa jasho, wakala kapata jina! Sisi wa redio tunayajua hayo.

Na jambo lenyewe halikuwa jepesi. Karl Benz alipoandikisha gari lake mwaka 1886 lilikuwa na magurudumu matatu, kwa sababu usukani wa magurudumu mawili ya mbele ulikuwa haujamkalia sawa. Alipata jibu lake mwaka 1893.

Sasa, kwa nini mafundi hawaziachi tairi za mbele zilingane sambamba kabisa? Gari linalosukumwa na tairi za nyuma likienda, barabara huzirudisha tairi za mbele nyuma, na ule ulegevu mdogo wa maungio huziacha zifunguke. Kwa hiyo hufungwa zikielekeana mbele kwa milimita chache tu, ili zikiwa mwendoni zinyooke.

Baba alipima kwa uzi wa mwashi, nami nikafanya vivyo hivyo. Kwanza nilitikisa kila tairi kutafuta ulegevu, kwani ukipima gari lenye boljointi zilizokufa unajidanganya. Nikajaza upepo, nikaweka gari pale uani palipo sawa, usukani ukitazama mbele. Uzi nikauvuta kila upande kwa kimo cha katikati ya ringi, ukishikwa na makopo yaliyojaa mchanga. Kuusawazisha huo uzi kulikula asubuhi yote. Upana wa mbele na wa nyuma haulingani, kwa hiyo hauwekwi kwa kugusisha tairi. Unapima kutoka katikati ya ringi, pande zote mbili zilingane, mbele kwa mbele na nyuma kwa nyuma. Kuku wa jirani walinikatia uzi mara mbili.

Halafu rula. Ukingo wa mbele wa ringi ulikuwa karibu na uzi kuliko ukingo wa nyuma, milimita tatu kila tairi. Maana yake tairi zilikuwa zinaachana kwa mbele, kinyume kabisa cha inavyotakiwa. Nikakumbuka tairodi iliyobadilishwa mwaka jana kwa kukadiria kwa jicho.

Nikalegeza nati, nikazungusha kidogo, nikasukuma gari mbele hatua kadhaa ndipo nikapima tena, kwa sababu tairi iliyosimama hubaki imejikunja. Mara ya nne vipimo vikakubali.

Jumapili nilimpa mdogo wangu usukani. Tulipofika penye barabara iliyonyooka akaachia mikono kidogo, akanitazama, akaishika tena. Hakusema kitu hadi tuliporudi nyumbani. Alizunguka gari, akapapasa zile tairi za mbele zilizokwisha upande mmoja, akaniuliza bei yake. Nikamtajia.

"Moja nitanunua mimi," akasema.