Kufua Kuna Historia, Kukamua Je?

Ukimwuliza mtu yeyote hapa Moshi nguo hufuliwaje, atakutajia maji na sabuni. Ni nadra kumpata atakayetaja kukamua. Vitabu vya historia tulivyosoma sekondari vilitueleza habari za kahawa, za reli na za Mangi Meli aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Lakini nguo za watu hao zilikaukaje? Swali hilo halikuwahi kuja kwenye mtihani. Mimi nadai kwamba lilistahili kuja, maana katika kazi yote ya kufua, kuyatoa maji kwenye nguo ndiko kunakomaliza nguvu za mtu.

Sisemi haya kwa kupenda ubishi. Mama yangu anafua mashuka ya nyumba moja ya wageni hapa mjini, kwa mashine kuukuu ya matangi mawili: tangi moja la kufulia, jingine la kukaushia. Mwezi wa Julai wageni wa kupanda mlima huwa wengi, na ndio mwezi ambao wingu hulala juu ya mji, jua ukalisikia kwa jirani tu. Mwaka huo tangi la kukaushia likaanza kutoa mashuka yanayochuruzika. Shuka lilikaa kambani siku mbili na bado likanuka uvundo. Mwenye nyumba ya wageni akaanza kusema maneno ya mtu anayetafuta dobi mwingine. Fundi aliyeitwa akaiangalia mashine kwa dakika tano, akasema, "Dogo, mota imekwisha hii." Bei aliyoitaja ilikuwa mapato ya miezi kadhaa. Kwetu basi kukamua hakukuwa falsafa, kulikuwa unga wa mwezi ujao.

Kabla ya kurudi kwenye mashine hiyo, turudi nyuma kidogo. Zamani wenyeji wa mlima huu walivaa ngozi, na ngozi haikamuliwi. Kukamua kulikuja na kitambaa. Katika miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Marekani walikuwa wakileta Unguja kitambaa chao cha pamba, ndiyo maana kikaitwa merikani. Misafara ya pembe za ndovu ilikibeba hadi bara, kikafika kwa wamangi. Baadaye wakaja wamisionari: Wakatoliki walijenga Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig wakaingia mwaka 1893. Pamoja na ibada na shule yakaja mavazi meupe ya kubatiziwa na ya Jumapili. Kitu cheupe hakina siri, kinataka kufuliwa mara kwa mara. Na kila kinachofuliwa lazima kikamuliwe.

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na mji huu tunaoujua ukakua kuizunguka. Mji ulikuwa na maofisa, makarani na wenye maduka, na watu hao walihitaji mtu wa kuwafulia. Neno dobi lenyewe ni la Kihindi. Tena hapa Moshi tuna mahali panapoitwa Njoro ya Dobi. Njoro ni chemchemi, neno lililotokana na Kimaasai. Tazama basi jinsi jina moja lilivyobeba watu watatu: Mmaasai aliyeipa chemchemi jina, Mhindi aliyetupa neno la kazi, na Mswahili aliyeyaunga kwa "ya". Ni nani hasa waliofua pale, jina halisemi. Linasema kazi tu, mtu limemwacha nje.

Namna ya kukamua kwa mikono kila mmoja wetu ameiona. Shuka hushikwa na watu wawili, mmoja huku, mwingine kule, wakalisokota kwa kupingana mpaka liwe kama kamba. Blanketi hukanyagwa. Mikono ya mama yangu ilianza kuuma kabla hajafika miaka arobaini, na mkono unaouma kwa kukamua hauna pensheni. Tuseme ukweli pia: mara nyingi kufua kwa malipo mjini kulikuwa kazi ya wanaume, na kufua kusikolipwa nyumbani kulikuwa kazi ya wanawake. Kazi ni ile ile, tofauti ni nani anafungua pochi.

Huko ng'ambo nako waliumia hivyo hivyo, ndipo wakaanza kutafuta chuma kitakachochukua nafasi ya kiganja. Mwaka 1843 John Turnbull wa Saint John, Canada, alipata haki ya ubunifu wa mashine ya kufulia yenye rola mbili: nguo inapita katikati, maji yanabanwa nje. Mwaka 1888 mama mmoja Mweusi wa Washington, Ellen Eglin, mfanyakazi wa nyumbani, alibuni kikamulio chake, akakiuza kwa dola 18 tu. Baadaye alieleza sababu: alijua kwamba wanawake wa Kizungu wasingekinunua wakigundua kuwa aliyekibuni ni Mweusi. Dola kumi na nane! Huyu naye, kama madobi wa Njoro, alibaki nje ya jina la kazi yake.

Rola zikafuatwa na tangi linalozunguka. Mwaka 1957 kampuni ya Hoover ilitoa nchini Uingereza mashine ya matangi mawili iliyopendwa sana, Hoovermatic. Ilitengenezwa Merthyr Tydfil, mji wa Wales, katika kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1948 na kuacha kutengeneza mashine mwaka 2009. Tangi la kukaushia halibani nguo, linazizungusha kwa kasi. Maji hutaka kwenda nje, nguo huzuiwa na ukuta wa tangi, na maji hupenya kwenye matundu. Kasi ikipungua kwa nusu, nguvu inayosukuma maji haipungui kwa nusu, inabaki robo. Ndiyo maana mashine inaweza kuonekana inazunguka vizuri tu, na nguo zikatoka mbichi.

Sasa turudi kwenye mashine yetu. Aliyetuonyesha pa kuanzia si fundi, ni mama, aliyekulia kando ya mfongo huko juu. Mifongo ndiyo ile mifereji ya Wachagga ambayo Harry Johnston aliikuta hapa mwaka 1884, ikiwa tayari kazi ya vizazi. Mama akaniambia, "Mwanangu, kwetu maji yasipofika shambani hatukuanza kuulaumu mto. Tulifuata mfongo." Tukachomoa waya ukutani, tukaanza kuifuata njia ya maji.

Kwanza mpira wa kutolea maji machafu. Ukijikunja nyuma ya mashine au ukinyanyuliwa juu kupita kiasi, maji hayatoki. Yakibaki chini ya tangi, tangi linazunguka ndani ya maji, linakuwa zito, na mota inanguruma kama inayokufa kumbe inaonewa. Wetu ulikuwa umebanwa na ukuta. Pili, chujio na tundu la kutokea maji. Humo tulitoa vifungo, sarafu na uzi uliojisokota na sabuni ukawa kama tope. Sabuni nyingi nayo ni adui, kwa sababu povu hulikokota tangi. Tatu, mzigo wenyewe. Shuka moja kubwa likikaa upande mmoja, tangi linayumba na kugonga, halipati kasi. Nguo zipangwe kuzunguka tangi lote, na mashine isimame sawa kwa miguu yote minne.

Nne, mfuniko na breki. Mashine za namna hii huwa na breki inayolisimamisha tangi mfuniko ukifunguliwa. Waya wake ukilegea, breki hubaki imegusa, na tangi huzunguka huku limeshikwa. Uligeuze tangi kwa mkono umeme ukiwa umechomolewa: likiwa zito, shida iko hapo au kwenye beringi. Mashine yenye mkanda, utazame kama umelegea au umeng'aa kwa kuteleza. Tano, umeme wenyewe. Jioni majirani wote wakiwasha majiko na pasi, umeme unakuwa mdogo na mota haifiki kasi yake. Ukitaka kuhakikisha, ijaribu asubuhi. Sita, kapasita, kile kikopo kidogo kinachoisukuma mota ianze. Kikichoka, mota inavuma bila nguvu. Lakini hapa mwite fundi, kwa sababu kapasita hutunza umeme hata baada ya waya kuchomolewa, na umeme hauna undugu.

Kwetu njia ya maji ilipofunguka, tangi lilipata kasi zaidi lakini si yote. Fundi mwingine alibadilisha kapasita kwa bei ya nauli na chai. Mota ile iliyokuwa "imekwisha" haikuguswa. Mashuka yakaanza kutoka yakiwa na unyevu wa kupigwa upepo tu, na kazi ya nyumba ya wageni haikwenda kwa mtu mwingine.

Jambo nililolipata ni hili. Katika mashine, maji yanapotoka ndipo mahali pasipotazamwa: watu hukimbilia mota, kwa sababu mota ina jina na ina bei. Katika historia nako tumefanya vivyo hivyo. Tumeandika walioleta kitambaa, waliojenga reli na waliovaa mashati meupe. Waliosimama kwenye maji hatukuwafuata, hata hapa ambapo jina la kazi yao liko mtaani na tunalitaja kila siku tukipanda daladala.

Vijana wenzangu mnaotaka kuandika riwaya, mimi ni mmoja wenu, na riwaya ninayohangaika nayo ina dobi ndani yake. Nimegundua kwamba siwezi kumwandika kwa kumkisia. Wapo bado wazee wa kike na wa kiume Njoro, Majengo, Pasua na huko juu Kibosho na Old Moshi waliofua kwa mikono yao maisha yao yote. Nendeni kwao, pigeni hodi, salimieni kwa adabu, andikeni majina yao kamili kama wanavyoyataja wenyewe, wakiridhia. Waulizeni maji yalitoka wapi na sabuni ilikuwa bei gani. Na baada ya hapo msisahau kuuliza: mkishasuuza, nani alikamua?